MWALIMU MWANAFUNZI NA DARASA LA WADOGO
Mambo yawapasayo wazazi wa Kebirigo, na wa kwingineko, kuyafahamu

Kila mwaka, katika nyumba nyingi za nchi yetu, mtoto wa Gredi ya kwanza hurudi jioni na kumwambia mama yake, "Leo tumefundishwa na mwalimu mpya." Mama akiuliza huyo mwalimu ni nani, huambiwa kuwa ni kijana aliyetoka chuoni, ambaye hubeba daftari kubwa, na ambaye mwalimu wa siku zote huketi nyuma ya darasa akimtazama. Wazazi wengine hufurahi. Wengine hunung'unika wakisema, "Mtoto wangu si kichwa cha kujifunzia kunyoa."

Manung'uniko hayo si ya upuuzi. Mtoto ana Gredi ya kwanza moja tu katika maisha yake, na akiipoteza, wengi wa namna yake hawaipati tena. Lakini ni kweli pia kwamba hakuna mwalimu aliyezaliwa akijua kufundisha. Huyo mwalimu wa siku zote ambaye mzazi anamwamini, naye alisimama siku moja mbele ya watoto kwa mara ya kwanza, magoti yakitetemeka. Basi yafaa tueleze mazoezi haya ya ufundishaji ni kitu gani, huendeshwa namna gani, na mzazi aweza kufanya nini ili yamfae mtoto wake.

MAHALI PENYEWE
Tutachukua mfano wetu katika sehemu za Kebirigo. Kebirigo ni soko lililo karibu na mji wa Nyamira, katika milima ya Wagusii, mahali penye mvua nyingi na udongo mzuri. Chai imeota kila upande, na kipo kiwanda cha chai chenye jina la mahali hapo. Migomba, mahindi na miparachichi imezunguka nyumba za watu. Kaunti ya Nyamira imepakana na nchi ya Wakipsigis, kwa hiyo siku ya soko husikika lugha zaidi ya moja, ijapokuwa lugha ya nyumbani kwa watu walio wengi ni Ekegusii.

Mambo haya si mapambo ya hadithi. Mvua, chai na lugha, yote matatu huingia darasani pamoja na mtoto, na mwalimu asiyeyajua hatafanikiwa hata kama alipata alama nzuri chuoni. Yule tutakayemtaja hapa si mtu mmoja mwenye jina. Ni mfano tu, nao walimu wengi watajiona ndani yake.

MWALIMU MWANAFUNZI NI NANI?
Mwalimu mwanafunzi ni mtu aliye katika chuo cha ualimu, ambaye bado hajahitimu, na ambaye ametumwa katika shule ili afundishe chini ya uangalizi. Kwa miaka mingi walimu wa shule za msingi katika Kenya walisoma miaka miwili na kupewa cheti cha P1. Mnamo mwaka 2021 vyuo vilianza kupokea wanafunzi wa stashahada mahali pa cheti hicho, ili mafunzo yalingane na mtaala mpya wa umilisi. Mtaala huo ulianza kutumika nchini kote Januari 2019, katika madarasa ya awali na Gredi ya 1 hadi ya 3. Lakini katika utaratibu wa zamani na huu wa sasa, jambo moja halikubadilika, nalo ni kwamba hapana mtu awezaye kuitwa mwalimu kabla hajafundisha watoto halisi, katika shule halisi, akitazamwa na wenye ujuzi.

Mwalimu mwanafunzi halipwi mshahara kwa kazi hiyo. Hupanga chumba karibu na shule, hununua unga na makaa kwa fedha za nyumbani kwao, na usiku huandika kwa mwanga wa taa masomo ya kesho. Asichanganywe na wale vijana waliokwisha hitimu, ambao Tume ya Kuwaajiri Walimu, yaani TSC, huwapeleka shuleni kwa mkataba wa muda na kuwapa posho. Hao ni walimu kamili wanaongoja ajira ya kudumu. Huyu wetu bado ni mwanafunzi.

Wala hakuachiwa darasa peke yake. Darasa ni la mwalimu wake wa kawaida, ambaye katika siku hizo huwa ndiye mwalimu mlezi wa yule kijana. Mlezi hutazama andalio la somo kabla ya somo, huketi darasani wakati wa somo, na baada ya watoto kutoka humwambia kijana yaliyokwenda vema na yaliyoharibika. Ikiwa mlezi anaondoka na kwenda kufanya shughuli zake sokoni kwa sababu "amepata msaidizi", basi mazoezi hayo si mazoezi tena, na hapo mzazi ana haki ya kuuliza.

DAFTARI LILE KUBWA
Watu wengi hushangaa kumwona kijana huyu akibeba madaftari mengi kuliko watoto. Ndani yake mna mambo manne. La kwanza ni azimio la kazi, ambalo laonyesha mambo yatakayofundishwa katika muhula mzima, juma kwa juma. La pili ni andalio la somo, ambalo laonyesha somo moja tu: mtoto atakuwa ameweza nini somo likiisha, vifaa gani vitatumika, na kila hatua itachukua dakika ngapi. La tatu ni rekodi ya kazi iliyofundishwa, na la nne ni maendeleo ya kila mtoto.

Katika madarasa ya chini somo moja huchukua dakika 30. Mtu mzima aweza kudhani muda huo ni mfupi mno, lakini mtoto wa miaka sita huona ni mrefu. Kwa hiyo kijana hufundishwa kuugawa. Kwa kawaida dakika tano za kwanza ni za kuwakumbusha watoto jambo wanalolijua. Dakika ishirini ni za jambo jipya, na humo watoto waimbe, washike vitu, waandike na kusema. Dakika tano za mwisho ni za kuhakikisha kama wamelipata. Mwalimu akizungumza peke yake dakika 30, watoto wa nyuma watalala, na wa mbele watachora ng'ombe katika madaftari yao.

SOMO LA KWANZA HUHARIBIKA
Tumfikirie basi kijana wetu, binti aliyetumwa katika shule moja ya sehemu hizo. Juma la kwanza hakufundisha. Aliketi nyuma akatazama na kujifunza majina ya watoto. Juma la pili akapewa somo la kusoma Kiswahili. Usiku alikata kadi za karatasi ngumu na kuandika silabi juu yake. Asubuhi akasimama mbele, akawasalimu watoto, nao wakamwitikia kwa sauti moja. Akaandika ubaoni, akasoma, nao wakasoma nyuma yake. Akauliza, "Mmeelewa?" Wakajibu wote, "Ndiyo, Mwalimu!" Akafurahi sana.

Somo lilipokwisha, mwalimu mlezi alimwambia, "Binti yangu, umefanya vema kuandika kwa hati nzuri. Sasa mwite yule mtoto wa dawati la tatu, umwonyeshe kadi moja." Mtoto akaja. Kijana akamwonyesha kadi yenye "ma". Mtoto akatazama kadi, kisha akautazama uso wa mwalimu, kisha akasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Hapo ndipo kijana alipojifunza somo ambalo halikukaa moyoni alipolisikia chuoni. Watoto wakijibu kwa sauti moja, mwalimu hasikii darasa, husikia wale watano au sita wajuao. Wengine hufuata kama watu wafuatao wimbo ambao hawayajui maneno yake. Swali la "Mmeelewa?" halina faida yo yote, kwa maana mtoto mwenye adabu hawezi kumjibu mwalimu wake "Hapana." Mahali pake mwalimu na atoe kazi ndogo: "Nionyesheni kadi yenye ma." "Wewe, niletee kitu ambacho jina lake laanza na ma." Mtoto akileta parachichi, mwalimu atajua mara moja pa kuanzia kesho.

LUGHA YA NYUMBANI NI DARAJA
Kosa la pili lilikuwa la lugha. Kijana, kwa kutaka kumpendeza mlezi wake, alisema Kiswahili cha juu na Kiingereza, wala hakutamka neno hata moja la Ekegusii. Wazazi wengi wangempongeza, kwa kuwa wadhani kuwa mtoto akianza na lugha ya nyumbani atachelewa. Yatupasa tulieleze jambo hili vizuri.

Shauri la lugha ya kufundishia wadogo si jipya katika Kenya. Katika miaka ya mwisho ya 1950 palianzishwa Nairobi mpango wa kuwafundisha watoto kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na baadaye mpango huo ulienea katika shule nyingi. Lakini mwaka 1976 kamati ya elimu iliyoongozwa na Bwana Gachathi ilishauri kwamba katika madarasa matatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali anapokaa. Hilo limedumu kuwa shauri la serikali, na mtaala wa umilisi nao walifuata, ijapokuwa shule nyingi hazilitimizi.

Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Kusoma ni kazi mbili: kuitambua herufi, na kujua maana ya neno. Mtoto akisoma neno la lugha aijuayo, ana kazi moja tu, maana neno lenyewe alilinyonya kwa mama yake. Akisoma neno la lugha asiyoijua, ana kazi mbili kwa wakati mmoja, na mara nyingi zote mbili humshinda. Ufundi wa kusoma ukishapatikana katika lugha moja, huhamia katika lugha nyingine.

Kwa mtoto wa Kebirigo daraja hilo liko karibu sana, kwa sababu Ekegusii na Kiswahili ni ndugu. Nyumbani husema enyomba, shuleni ataandika nyumba. Nyumbani husema eng'ombe, shuleni ng'ombe. Omwana ni mwana, na omote ni mti. Mwalimu aliye hodari huandika maneno hayo mawili mawili ubaoni na kuwaacha watoto wagundue wenyewe yanavyofanana. Watoto wakigundua hucheka kwa furaha, na kile Kiswahili kilichokuwa kigeni huwa jamaa.

Lakini ndugu nao hutofautiana, na mwalimu asiyezijua tofauti hizo atamwonea mtoto. Katika maneno ya asili ya Ekegusii hamna sauti ya "l". Iliyopo ni "r". Lile neno kalamu lilipoingia nyumbani kwa Wagusii liligeuka likawa ekaramu. Kwa hiyo mtoto akisema, "Mwalimu, sina karamu," hakukusudia mchezo, ijapokuwa katika Kiswahili karamu ni chakula cha wageni wengi. Mwalimu mbaya atacheka, na darasa zima litacheka pamoja naye, na mtoto yule hatasema tena mpaka mwisho wa muhula. Mwalimu mwema ataandika kalamu na karamu ubaoni, achore picha ya kila moja, kisha awaonyeshe wote mahali ulimi unapokaa mdomoni. Kosa moja la mtoto mmoja hugeuka likawa somo la wote.

Na wale watoto ambao lugha yao ya nyumbani si Ekegusii? Sokoni wamo. Mwalimu akiwa anatumia lugha ya wengi, na awaketishe watoto hao karibu naye na kuwatafsiria, wala asiwaache nyuma kama wageni.

HESABU YA VISODA
Katika hesabu kijana wetu alifaulu zaidi, kwa sababu mlezi alimpa shauri mapema: "Usiilete hesabu kutoka chuoni. Ichukue njiani unapokuja." Akaokota visoda vya chupa penye maduka, akaomba punje za mahindi na vijiti, akaweka katika mikebe. Kila kikundi cha watoto kikapata mkebe mmoja.

Hapa pia lugha ya nyumbani ina hazina ambayo wengi hawaijui. Katika Kiswahili maneno sita, saba na tisa yalitoka katika Kiarabu, na mtoto hana budi kuyakariri tu, kwa kuwa jina lenyewe halimwambii kitu. Lakini katika Ekegusii tano ni isano, na saba ni isano na ibere, maana yake tano na mbili. Nane ni isano na isato, yaani tano na tatu. Mtoto wa Kigusii ahesabuye kwa lugha ya mama yake amekwisha anza kujumlisha kabla hajaingia shuleni! Mwalimu akimwambia aweke visoda vitano upande mmoja na viwili upande wa pili, atakuwa anamwonyesha kwa macho lile neno alilolisema siku zote kwa mdomo. Ikifika tisa, ambayo ina jina lake peke yake, kianda, watoto watauliza kwa nini. Swali la namna hiyo likitoka kwa mtoto ni bora kuliko majibu kumi ya kukariri.

MVUA, NJAA NA KIBOKO
Kuna mambo ambayo hayamo katika andalio la somo. Milimani mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na ikinyesha juu ya mabati hakuna sauti ya mwalimu isikikayo. Kijana wetu alipopatwa na mvua mara ya kwanza alipiga kelele mpaka koo likamkauka. Mara ya pili alikuwa tayari. Alikuwa na picha kubwa na kadi, watoto wakafanya kazi kwa macho na mikono, bila maneno.

Jambo la pili ni njaa. Katika nchi ya chai wazazi wengi huondoka alfajiri kwenda kuchuma, ili majani yafike kituoni kwa wakati. Mtoto huamka peke yake, na wengine huja shuleni bila kitu tumboni. Mtoto wa namna hiyo huonekana mvivu au mkaidi. Mwalimu mwanafunzi hufundishwa kuuliza kwanza, tena kwa siri na upole, kabla ya kuhukumu.

Jambo la tatu ni kiboko. Kijana asiye na uzoefu, darasa likimshinda, hutamani fimbo. Lakini tangu mwaka 2001 serikali iliondoa ruhusa ya kuwachapa watoto shuleni, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza kabisa kumpiga mwanafunzi au kumtesa. Kwa hiyo kijana hapana budi ajifunze njia nyingine: kupiga makofi kwa mdundo ambao watoto huuitikia na kunyamaza, kumpa msumbufu kazi ya kugawa mikebe, kubadili kazi kabla watoto hawajachoka. Walimu wakongwe hujua kwamba fujo nyingi za watoto huanzia katika somo lisilotayarishwa.

MKAGUZI AJAPO
Mara kwa mara mwalimu wa chuo huja bila kutoa habari, huketi nyuma na kuandika. Alama zake ndizo zitakazosaidia kukata shauri kama kijana atahitimu. Hapo ndipo majaribu yanapokuja. Kijana mwingine huwafundisha watoto somo moja mara tatu, ili mkaguzi ajapo walijibu kama kasuku. Mwingine huwaweka mbele wale wajuao na kuwaficha nyuma wasiojua. Hufanya hivyo kwa hofu, na hofu yake twaielewa, lakini ni kuiba wakati wa watoto. Mkaguzi mwenye macho hukijua kitendo hicho mara moja. Ataomba daftari la mtoto wa nyuma, alifungue, na ukweli wote atauona humo.

Kijana wetu alipotembelewa alikuwa akifundisha silabi, na kikundi kimoja kikakosea. Akasimamisha somo, akarudi nyuma hatua moja, akaanza tena na kikundi kile, ijapokuwa alijua kwamba dakika zitakwisha kabla ya kumaliza andalio lake. Alidhani ameanguka. Lakini maana ya mazoezi yote ni hiyo: kuutazama uso wa mtoto kuliko kutazama daftari. Mwalimu awezaye kuliacha andalio lake kwa ajili ya mtoto asiyefahamu, huyo yuko karibu kuitwa mwalimu.

WAZAZI WAFANYE NINI?
Kwanza, wasimdharau mwalimu mwanafunzi mbele ya watoto. Mtoto akisikia nyumbani kuwa "yule si mwalimu", kesho hatamsikiliza.

Pili, waulize. Mzazi anayo haki ya kwenda kwa Mwalimu Mkuu kwa adabu na kuuliza mwalimu mlezi ni nani, na kama huketi darasani. Swali hilo moja, likiulizwa na wazazi watatu tu, hulinda darasa zima.

Tatu, jioni wasiulize, "Leo umefundishwa nini?" maana mtoto atajibu, "Kusoma." Waseme, "Nisomee neno moja," au "Nihesabie mayai haya." Ikiwa mzazi mwenyewe hakusoma, hilo halizuii kitu, kwa kuwa aweza kumsikiliza mtoto na kumsimulia hadithi kwa Ekegusii. Mtoto mwenye maneno mengi ya nyumbani hupata urahisi katika maneno ya shuleni.

Nne, wasaidie kwa vitu vilivyopo. Visoda, punje, maboksi ya dukani, kalenda ya mwaka uliopita yenye nyuma nyeupe, yote hayo kwa mwalimu wa wadogo ni mali.

Tangu Januari 2003, serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi za umma, hesabu ya watoto shuleni ilipanda kutoka yapata milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Lakini kumfikisha mtoto mlangoni mwa darasa ni nusu ya safari tu. Nusu ya pili ni kumpata mtu aliye ndani ya darasa, ajuaye namna ya kumshika mkono. Mtu huyo hutengenezwa chuoni kwa sehemu, na kwa sehemu kubwa hutengenezwa palepale, mbele ya watoto wetu, katika majuma hayo machache.

Kwa hiyo, mzazi, mtoto wako atakaporudi tena na habari ya mwalimu mpya mwenye daftari kubwa, usinung'unike upesi. Mkaribishe kijana huyo kwa salamu njiani, umwulize mtoto akusomee neno moja, na kama hawezi, nenda shuleni mapema, kabla muhula haujakwisha.